Flashi yenye jicho lake: kwa nini TTL siibebi harusini

Vijana wanaoanza kupiga picha kwa mkanda (filamu) hapa Dodoma, wengine wanafunzi wa UDOM, wengine watumishi waliohamia na wizara zao, huniuliza swali lilelile kwa namna tofauti: kaka, ninunue flashi ipi? Wameshasoma mahali kwamba TTL, yaani kamera kupima mwanga wa flashi uliopita kwenye lenzi, ndiyo yenyewe, na kwamba flashi isiyoongea na kamera ni mzigo wa enzi za babu. Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kwa mkanda, hasa mkanda utakaosafishwa mbali na siku nyingi baadaye, mimi nachukua flashi ya zamani yenye jicho lake la kupimia mwanga. TTL naiheshimu, na kuna kazi inayonishinda bila hiyo. Ila kwenye harusi ya Ipagala au ngoma ya Chamwino inabaki nyumbani.

Nianze na mambo yalivyokuwa kabla ya otomatiki yoyote, maana bila hapo hutaelewa kwa nini watu walihangaika kuibuni. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Unaigawa kwa umbali wa mita kati ya flashi na mtu, unapata tundu la lenzi, mlango wa mwanga unaoandikwa kwa f: namba ikipanda, tundu linapungua. Flashi ya namba 36 kwa mkanda wa ISO 100 (ISO ni wepesi wa mkanda kushika mwanga), mtu akiwa mita nne na nusu: 36 gawanya kwa 4.5, jibu f/8. Hesabu ya darasa la tano. Mtu akitulia mbele yako hakuna shida kabisa. Lakini bibi harusi anayeingia ukumbini akiserebuka hatulii. Akisogea kutoka mita nne na nusu hadi mita mbili na robo, mwanga unaompata unakuwa mara nne ya ule wa mwanzo, na wewe hujagusa kitu. Wapiga picha wa zamani walikuwa wanakokotoa huku wanarudi kinyumenyume, wasijikwae kwenye waya za MC.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Honeywell ya Marekani ikaleta flashi za Strobonar zinazojipimia. Wazo lake ni jepesi. Mwanga unatoka, unampiga mtu, unarudi, na jicho dogo usoni mwa flashi linaujumlisha. Kiasi kikitimia, saketi inaukata, kama anayefunga bomba ndoo inapojaa. Yote haya yanaisha ndani ya muda ambao shata, pazia linaloufunika na kuufunua mkanda, haijaanza hata kufikiria kufunga: flashi ikitoa nguvu zake zote inawaka kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mtu akiwa karibu sana inaweza kukatika kwenye 1/30,000. Zile za mwanzo zilikuwa na ubaya mmoja. Umeme uliobaki ulitupwa kwenye taa nyingine iliyofichwa ndani, ukapotea bure. Baadaye kikaja kifaa kinachoitwa thairista, umeme uliobaki ukawa unahifadhiwa kwenye kapasita, ghala la umeme ndani ya flashi. Hapo ndipo betri zikaanza kudumu, na flashi ikawa tayari tena haraka, ilimradi hukuitumia kwa nguvu zote.

Flashi iliyoueneza ufundi huo kuliko nyingi ni Vivitar 283 ya miaka ya 1970. Betri nne za kawaida, kichwa kinachoinuka, na piga, kiduara cha kuzungusha, yenye rangi: njano, nyekundu, bluu, zambarau. Kila rangi maana yake ni tundu moja la lenzi kwa ISO uliyoweka. Unachagua rangi, unaweka lenzi kwenye tundu hilo, basi. Kuanzia hapo umbali si kazi yako tena, mradi mtu yuko ndani ya mipaka ambayo piga inakuonyesha. Kamera haihusiki hata kidogo. Iwe Zenit, Pentax K1000 au Nikon FM2, flashi haijui na haijali. Kamera inachodaiwa ni kasi ya shata isizidi uwezo wake kwa flashi: Zenit E 1/30 ya sekunde, K1000 1/60, FM2 ya kuanzia 1984 ni 1/250. Ukizidisha, nusu ya picha inakuwa giza kwa sababu pazia la shata limewahi kuufunika mkanda, na hakuna fundi wa kukusaidia.

Sasa TTL. Mwaka 1975 Olympus walitoa OM-2, kamera iliyobuniwa chini ya Yoshihisa Maitani, na mpaka leo nikiishika huwa natikisa kichwa. Jicho limehamishwa kutoka kwenye flashi na kuwekwa ndani ya kamera, likiutazama mkanda wenyewe. Shata inafunguka, flashi inawaka, mwanga unapita kwenye lenzi na kuupiga mkanda, na ule unaoakisiwa na mkanda ndio unaopimwa hapohapo, wakati picha inaandikwa. Kiasi kikitosha, kamera inaiamuru flashi izime. Wengine wakafuata: Nikon F3 na Pentax LX mwaka 1980, Nikon FE2 mwaka 1983, na baadaye karibu kila kamera ya maana. Faida yake iko wazi. Chochote kilicho mbele ya lenzi, kichujio, lenzi ndefu, lenzi fupi, kimeshaingia kwenye hesabu. Tundu lolote unalotaka linakubalika, hufungwi na rangi nne.

Nikisoma maelezo hayo mimi mwenyewe naona kama najipinga. Sasa kwa nini siibebi?

Kwa sababu ya kitufe kimoja kidogo nyuma ya flashi. Flashi ya jicho lake, ile nzuri, ina kitufe cha kujaribia na taa ndogo ya kijani au nyekundu inayowaka kama mwanga uliorudi ulitosha. Naingia ukumbini saa moja kabla ya maharusi. Nasimama pale watakapokata keki, naelekeza flashi, nabonyeza. Taa ikiwaka, rangi niliyochagua inafaa kwa umbali ule. Isipowaka, nafungua tundu au nasogea. Nageuza kichwa kielekee dari, nabonyeza tena. Naenda mlangoni, meza kuu, kona ya kamati ambako lazima mjomba mmoja ataitisha picha ya ukoo mzima, kote nauliza na kote najibiwa. Mkanda haujasogea hata fremu moja.

TTL ya mkanda haiwezi kujibu swali hilo, kwa asili yake yenyewe. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye mkanda, na mkanda hauoni mwanga mpaka shata ifunguke. Kila jibu unalilipia fremu. Nyingi zitakukonyeza kwenye kioo cha kutazamia kwamba flashi imemaliza nguvu zote na huenda picha imepungukiwa, lakini hiyo ni taarifa ya msiba, siyo ya ugonjwa. Mwenye kamera ya dijitali anacheka, maana anatazama kioo na kupiga upya. Sisi wa mkanda hatuna kioo. Mkanda wangu wa rangi unakwenda Dar kusafishwa, na kwa wakati huo keki imeshaliwa, ukumbi umeshakodishwa kwa send-off nyingine, na maharusi wako kwao. Mzee mmoja aliyekuwa na studio jirani na soko la Majengo, ambaye ndiye aliyenionyesha matumizi ya kitufe hicho, alikuwa akikibonyeza bila kuangalia, akiwa anaongea na wateja, kama mtu anayehesabu chenji mfukoni. (Kamera za mwisho za mkanda zilijaribu kutoa jibu mapema: Nikon F90 ya 1992 na Canon zenye E-TTL kuanzia 1995 hurusha mwanga mdogo wa kupima kabla ya picha. Lakini hata huo unatoka ukiwa umeshabonyeza, na wako watu wanaofumba macho kwa ule wa kwanza na kunaswa hivyo na wa pili.)

Jambo la pili ni kwamba makosa ya jicho la flashi yanatabirika. Jicho hilo halijui bibi harusi ni nani. Linajua mwanga uliorudi. Limepangwa likiamini kwamba kilicho mbele, ukichanganya vyote, kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha katikati. TTL nayo imani yake ni hiyohiyo, ila inaangalia eneo kubwa au dogo kutegemea kamera na lenzi, kwa hiyo makosa yake yanahama kila ukibadilisha lenzi. La flashi linatazama katikati tu, kwa pembe ileile siku zote. Ukilizoea umelizoea.

Hebu tazama harusi zetu. Gauni jeupe, pana, limejaa fremu nzima. Mwanga unarudi mwingi, jicho linasema tosha, linakata mapema. Gauni linatoka kijivu na uso wa mwenye gauni unazama. Ngozi ya wengi wetu inarudisha mwanga mdogo kuliko ile asilimia 18, kwa hiyo hasara ya gauni yote inaangukia usoni, mahali ambapo mama mzazi ataangalia kwanza. Geuza upande wa wapambe wa kiume, suti nyeusi, pazia la kahawia nyuma: mwanga haurudi, jicho linangoja, flashi inaendelea kumimina, nyuso zinatoka zimepauka. Usiku nje ya ukumbi, nyuma ni giza la nyika lisilo na ukuta, ni hivyohivyo. Na kama nyuma kuna kioo cha dirisha kinachotazamana nawe, au gauni la mama mkwe limeshonwa kwa vipande vinavyometameta, mwale mmoja tu ukilipata jicho barabara, umekwisha.

Wakati fulani huwa nasikia watu wakisema kamera haibagui. Sina ugomvi nao, ila kuanzia miaka ya 1950 maabara zilizotumia vifaa vya Kodak zilipanga rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley, na uso wa kwetu haukuwemo kwenye mpango. Mashine inafuata ilichopangiwa. Kazi ya kujua nani yuko mbele inabaki kwako.

Kwa mkanda wa negativu, ule wa kuchapishia picha, dawa ni rahisi, na inatolewa mara moja kabla ya kazi kuanza. Negativu inavumilia mwanga wa ziada kuliko inavyovumilia upungufu. Kwa hiyo mkanda wa ISO 400 naisomea flashi kama 200. Rangi iliyokuwa inasema f/5.6 sasa inasema f/4, nami naiweka lenzi kwenye f/4. Kila picha inapata stopu moja zaidi, yaani mwanga mara mbili. Kwenye gauni jeupe stopu hiyo inaziba pengo, kwenye suti nyeusi inazidi kidogo na mkanda unaimeza bila malalamiko, fundi wa kuchapisha anairudisha. Nikimpiga bibi harusi peke yake kuanzia kiuno kwenda juu, gauni tupu na shela, naongeza nusu stopu nyingine. Sifanyi marekebisho mengine usiku kucha. Anayepiga slaidi, mkanda unaotoa picha yenyewe bila negativu, asinisikilize hapa: slaidi inataka kinyume, mwanga ukizidi sehemu nyeupe inatoboka na hairudi.

Chamwino ni habari nyingine, na ndiko nilikojifunza mambo ambayo vitabu vya flashi havitaji. Wakina mama wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, na wanaume wakikanyaga na njuga miguuni, vumbi jekundu linapanda mpaka kiunoni. Kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, linabaki hewani hata baada ya wimbo kuisha. Flashi ikiwa juu ya kamera, vumbi lililo karibu nawe linapata mwanga mwingi kuliko mchezaji aliye mita tano mbele. Linarudisha mwanga huo moja kwa moja kwenye jicho, nalo linadhani kazi imekwisha. Unapata nukta nyeupe zinazoelea na wachezaji gizani nyuma yake. TTL haikuokoi hapo, kwa sababu vumbi lenyewe limeingia kwenye lenzi na liko kwenye mkanda.

Hapa ndipo 283 ina ujanja ninaoupenda kuliko yote. Jicho lake linachomoka. Kuna waya wa kampuni yenyewe unaoliacha jicho juu ya kamera, likiangalia kule lenzi inakoangalia, huku flashi ukiinyoosha kwa mkono wa kushoto mbali na uso wako, au ukimpa kijana aliye tayari. Mwanga unaingia kwa pembeni, vumbi la mbele ya lenzi haliwaki sana, na lile la katikati ya wachezaji linawaka vizuri na kuonyesha unene wa hewa. Upimaji bado ni wa otomatiki. Na kila baada ya wimbo futa jicho kwa kitambaa kikavu. Likifunikwa na vumbi linaona mwanga mdogo kuliko uliopo, flashi inatoa zaidi ya kiasi. Kidole kilichopotea mbele ya jicho kinafanya vivyo hivyo, na hilo hata wazoefu wanalo. Anayefika kwa mara ya kwanza akumbuke pia kuwasalimu wazee kabla ya kutoa kamera. «Mbukwenyi» moja inafungua nafasi kuliko kitambulisho chochote.

Kuhusu madari sitakaa sana. Ukumbi wenye dari jeupe la chini ni baraka: inua kichwa cha flashi, hakikisha jicho limebaki linatazama mbele, na mwanga unakuwa laini. Flashi ambayo jicho liko kwenye kichwa kinachoinuka haifai kwa kazi hiyo, linapima dari. Shida ya kumbi zetu ni mapambo. Wakining'iniza vitambaa vya zambarau juu, mwanga unashuka zambarau, na hakuna ngozi inayoupenda. Ukumbi wa bati refu unameza kila kitu, taa ya kujaribia haitawaka hata ukibonyeza mpaka asubuhi. Hapo elekeza mbele, usijitese. Shata nayo usiiache kwenye 1/125 kwa mazoea. Ukiishusha hadi 1/30 au 1/15, taa za ukumbi zinaingia kwenye picha na watu hawaonekani kama waliopigwa pangoni; flashi yenyewe haiguswi na kasi ya shata.

Mchana ni suala la hesabu. Jua la saa saba Dodoma linakaa utosini, macho yanakuwa mashimo chini ya kofia. Mkanda wa Kodak Gold 200, shata 1/250, lenzi f/16: hapo jua liko sawa. Flashi iambie uongo kwamba lenzi iko f/8. Itatoa mwanga wa f/8, na kwa kuwa wewe uko f/16, unapungua kwa stopu mbili, unajaza kivuli bila kujionyesha. Mwenye K1000 na shata yake ya 1/60 hawezi kufanya hivyo kwa mkanda huu, atafute kivuli cha mbuyu.

Mnaonunua za mitumba, mambo mawili. Kapasita iliyolala miaka mingi haiamki kwa siku moja. Tia betri nzuri, iache ijae, iachie flashi kwa nguvu zote, ingoje, rudia mara kadhaa, na ikikaa kabatini iwashe mara mojamoja. Usiifungue, ndani kuna mamia ya volti yanayobaki hata betri zikitolewa. Pili, kabla hujaiweka juu ya kamera yenye elektroniki, achilia mbali ya dijitali, ipeleke kwa fundi redio yeyote akupimie volti kwenye mguu wake. Baadhi ya 283 za mwanzo zinazidi volti 200 pale. Kwa FM2 au Zenit ni sawa tu. Kamera ya kisasa inaweza kuungua.

Nilisema kuna kazi inayonishinda bila TTL. Ni picha za karibu. Nilipotaka kupiga zabibu za Hombolo, punje moja ijae fremu, ilibidi niweke bomba la kurefusha kati ya lenzi na kamera. Bomba hilo linakula mwanga. Ukifika mahali ambapo punje kwenye mkanda ina ukubwa uleule wa punje yenyewe, umepoteza stopu mbili, na jicho la flashi lililo nje halina habari. Tena liko juu sana, linaona majani ya nyuma, punje yenyewe haliioni. Unaweza kukokotoa, na nimewahi, lakini kila ukisogea sentimita moja hesabu inabadilika. OM-2 inapima kilichofika kwenye mkanda baada ya bomba kula chake, basi. Kwa hiyo kwa zabibu naazima OM-2 ya rafiki pamoja na flashi yake ya T20, na mkanda huohuo wa Gold 200, lenzi f/16 ili punje nzima iwe kali, flashi ikiwa karibu kabisa na tunda.